Simu ya mtoto na shule: tunavyofanya sisi, hatua kwa hatua

Mimi ni mwalimu wa JSS (junia sekondari, Gredi 7 mpaka 9) huku Kisauni, Mombasa, dei skuli, watoto arubaini na kitu darasani, na pia ni mama, binti yangu ana miaka kumi na nne na simu anayo. Naandika haya manake kila muhula ukifunguliwa naulizwa yaleyale pale getini, mwalimu nimnunulie ama nisimnunulie, mwalimu akija nayo mtaichukua, mwalimu mbona nilimpigia saa tano hakushika, na kumjibu kila mzazi peke yake huku tuktuk zapiga honi na kengele ishalia siwezi kumaliza. Kwa hivyo nimeyaweka hapa yote kwa mpangilio, soma upate pa kuanzia.

Neno moja kabla hatujaanza. Kesi nyingi za simu nilizoziona shule hazikuanza kwa mtoto kuwa mbaya, zilianza pale mzazi ana lake, shule ina lake, na mtoto akabaki katikati ajifanyia atakavyo. Simu yataka iwe na mahali pake na saa zake, na watu wote watatu wazijue hizo saa, mtoto, mzazi na mwalimu. Hatua zote hapa chini kazi yake ni hio.

Hatua ya 1: Pita shule kabla hujapita dukani

Shule nyingi za serikali simu ya mwanafunzi hairuhusiwi, bodingi ndio usiseme, huko ikipatikana mtoto arudishwa nyumbani aje na mzazi. Dei skuli zatofautiana. Kuna zinazokataa kabisa, kuna zinazokubali mradi simu ikabidhiwe asubuhi, na kuna za praiveti ambazo tableti ni kifaa cha masomo kama kalamu. Usichukue neno la mtoto wala la mama jirani, nenda ofisini uulize mambo matatu: simu yaruhusiwa kupita getini ama la, ikipita anaeiweka ni nani na yakaa wapi, na ikipatikana mahali isipofaa kuwa yafanyika nini na mzazi arudishiwa lini.

Hilo la tatu watu hawaliulizi mpaka maji yamwagike. Niliwahi kuwa shule moja, siitaji, simu zilizokamatwa zikavunjwa kwa nyundo mbele ya watoto wote asubuhi ya paredi, na simu moja ilikua ya nyanyake mtoto, ndani yake mna laini ambayo mtoto wake alieko Saudia humtumia pesa za dawa. Yule nyanya alikuja na leso yake kichwani akasimama nje ya ofisi hakusema neno, aliangalia tu vile vipande. Wallahi mpaka leo namuona. Simu ikamatwe, iandikwe kwa daftari tarehe na saa, mzazi aitwe aje aichukue mwenyewe na atie sahihi. Kuvunja kwamfunza mtoto kuficha vizuri zaidi, basi.

Na la mtihani halina mjadala. Chumba cha mtihani wa KNEC, baraza la mitihani la taifa, simu haiingii, iwe imezimwa, iwe haina laini, na hizi saa za mkononi za kupokea meseji ni hivyohivyo, ukipatikana nayo matokeo yaweza kufutwa na miaka yote ikaenda na maji. Wiki ya mtihani simu ilale nyumbani. Usimwambie mtoto "iweke kwa begi uizime", mwambie iache.

Hatua ya 2: Simu ya njiani ni nyingine, simu ya nyumbani ni nyingine

Jiulize, hii simu ya shule ni ya kazi gani? Mtoto anaetoka Likoni avuka feri alfajiri, mamake ana haki ya kujua kama ameshuka ng'ambo salama. Kwa kazi hio kabambe, ile simu ndogo ya vibonyezo, yatosha, yapiga, yapokea, chaji yakaa siku tatu nne, ikianguka waiokota yaendelea, na haimvutii mtu kwenye ule msongamano wa rampu. Simu kubwa ya skrini ibaki nyumbani ikimngoja atoke shule na atoke chuo, yaani madrasa. Najua watoto waona haya kutoa kabambe mbele ya wenzao, binti yangu alinuna wiki nzima, lakini haya ya simu ndogo yapita, simu ya elfu kumi na tano ikichukuliwa dirishani gari ikiwa kwenye foleni hio hairudi.

Siku hio ya kununua fanya mambo mawili hapohapo kwa duka. Bonyeza *#06# yatokea nambari ya tarakimu 15, iandike nyuma ya daftari la nyumbani, ndio nambari ya kifaa chenyewe (IMEI), sio ya laini, na ndio utakayoulizwa ukienda kituoni kuandikisha kwamba imepotea. La pili ni laini. Mtoto chini ya miaka 18 hana kitambulisho, kwa hivyo laini yasajiliwa kwa jina lako mzazi, na lolote litakalotumwa na laini hio, matusi, picha, utapeli, likifuatwa litafuatwa mpaka kwako. Mwambie mtoto hivyo wazi. Wengi hawajui, na wakijua nimeona wanakaa na adabu nyingine kabisa.

Hatua ya 3: Mutengeneze setingi pamoja, sio wewe peke yako usiku

Kaa na yeye mkekani, chai na mahamri, nusu saa. Ukimtegea alale ndio uingie kwa simu yake umeshamfunza kwamba kwenu mambo ya simu ni ya kuviziana.

Anza na umri. WhatsApp wasema miaka 13 na kuendelea, TikTok vilevile 13. Mtoto wa Gredi 5 mwenye akaunti ina maana mwaka wa kuzaliwa ulidanganywa, na nikiwauliza darasani nani alikuandikia wanajibu "mamangu", "kaka". Sisi ndio tulioanza uongo, na ule uongo una madhara, manake akaunti ikishajua huyu ni mtu mzima yale mapazia yaliyowekewa watoto yote yaondoka, atumiwa meseji na yeyote, aonyeshwa chochote.

Alafu fungulia Family Link ya Google kama ni Android, ni ya bure, wewe waona programu gani anapakua na waweza kuweka saa za simu kujifunga. TikTok yenyewe imewekea walio chini ya 18 kikomo cha dakika 60 kwa siku, lakini ikifika yamuuliza tu namba ya siri na akiiweka yaendelea, kwa hivyo usilale ukasema TikTok wanamlinda.

Kwa WhatsApp kuna sehemu tatu za kubadilisha. Anaeweza kumuingiza kwa grupu awe ni mtu alie kwenye namba zake peke yake, manake hapa ndipo takataka nyingi huingilia, mtoto aamka asubuhi yumo kwenye grupu la watu mia mbili hajui hata mmoja. Picha ya profaili ionekane na anaowajua tu. Na kupakua picha na video zenyewe kwa zenyewe kuzimwe, hio yaokoa data na yazuia uchafu kuingia simu bila yeye kuchagua. Mwisho zima notifikesheni za kila kitu isipokua simu na meseji za kawaida, zile tinti tinti za kila dakika hakuna mtoto, wala mtu mzima, atakaezishinda kwa nguvu ya moyo peke yake.

Hatua ya 4: Andikeni karatasi

Nusu ukurasa yatosha. Maneno ya mdomo yasahaulika, na kila mtu hukumbuka upande wake. Yetu iko mlangoni mwa kabati la vyombo, imeandikwa kwa mkono wa binti yangu mwenyewe, nami nikatia sahihi na babake. Inasema hivi, nanakili vile ilivyo:

"Simu kubwa naipata saa kumi na moja nikitoka chuo, naiweka saa tatu kasorobo. Homuweki kwanza. Simu inalala sebuleni kwa chaja, hailali chumbani. Namba ya siri mama anaijua lakini hasomi meseji zangu bila mimi kuwepo, isipokua kuna hatari. Siweki picha ya mtu bila kumuuliza. Nikivunja, nakosa simu siku tatu. Nikiambiwa kitu cha kuniogopesha nitasema na sitanyang'anywa simu kwa kusema."

Hio sentensi ya mwisho ndio roho ya karatasi yote, usiiache. Watoto wengi waliopatwa na mabaya kwa simu wamenambia walikaa kimya kwa sababu moja tu, waliogopa simu itachukuliwa. Sasa kama adhabu ya kusema ni sawasawa na adhabu ya kukosa, mtoto gani atasema?

Na hili la kulala sebuleni lina sababu mbili. Moja ni usingizi, mtoto aliekua kwa simu mpaka saa saba usiku namjua akiingia darasani, macho mekundu na kichwa chaanguka kwa dawati kipindi cha pili. Nyingine ni joto. Simu inayochajiwa chini ya mto ama ndani ya godoro haipati hewa, betri za simu hizi zikishika joto sana zaweza kuvimba na kuwaka moto, na joto letu la Mombasa la Februari na Machi mwalijua, chumba chenyewe tayari ni tanuri. Ichaji mahali wazi, juu ya meza ama sakafu tupu, na chaja iwe nzima isiwe ile iliyofungwa kwa selotepu.

Hatua ya 5: Shule iwe na mahali pa kuziweka

Hapa nazungumza na walimu wenzangu. Kusema "simu marufuku" bila ya kumpa mtoto pa kuiweka ni kumwambia aifiche.

Sisi tuna mama mmoja mzazi fundi cherehani, alitushonea kitu kizuri sana, kitambaa cha jinzi kuukuu kirefu kama pazia la mlango, kina mifuko hamsini, nyuma kimetiwa leso mbili kiwe kizito kisipasuke, na kila mfuko una namba kwa uzi mwekundu. Namba ya mfuko ni namba ya mtoto kwa rejista. Saa moja na nusu asubuhi mtoto aizima simu, sio kuitia kimya, aizima kabisa mbele yangu, aitia mwenyewe kwa mfuko wake, monita aweka alama kwa daftari. Kitambaa chakunjwa chaingia kabatini ofisi ya walimu, kufuli, ufunguo ninao mimi. Jioni wachukua kwa mstari. Yote haizidi dakika sita asubuhi na sita jioni, tushazoea.

Mwanzoni palikua na mianya. Mvulana mmoja alikua kila siku atia simu mbovu mfukoni, ile isiyowaka, na nzima iko ndani ya soksi. Tulipogundua hatukumchapa, tuliongeza kwa daftari safu moja tu: aina ya simu, rangi yake, na sahihi ya mzazi. Nikitilia shaka nampigia mzazi namuuliza mwanao ana simu ya rangi gani. Imekwisha.

Kwa nini nasumbuka hivi? Siku moja nafundisha hesabu, sehemu na asilimia, darasa limetulia kabisa wako na mimi, simu ikatetemeka ndani ya dawati la mbao, wajua vile yalia, kama nyuki ndani ya debe. Wala haikuwa na mlio mwingine. Vichwa vyote arubaini vikageuka, alafu wakaanza kutazamana ni ya nani, na mimi nikapoteza kipindi chote. Ripoti ya UNESCO ya 2023 kuhusu teknolojia na masomo ilisema mwanafunzi akishakatizwa yaweza kumchukua mpaka dakika 20 kurudi pale alipokua. Kipindi chetu JSS ni dakika 40. Piga hesabu mwenyewe. Na wala sio sisi tu huku, Ufaransa tangu 2018 imezuia simu kwa watoto wa shule mpaka darasa la miaka kumi na tano hivi, na nchi nyingi zimefuata.

Wazazi na nyinyi mna sehemu yenu hapa. Usimpigie mtoto saa za masomo. Kukiwa na dharura, kuna mgonjwa, kuna msiba, piga ofisini, mwalimu atamwita mtoto pembeni amwambie kwa utaratibu. Kuna mtoto alipata habari ya kifo cha babake kupitia meseji ya binamu wakati wa mapumziko, kabla mamake hajafika getini. Hakuna anaemtakia mtoto wake hivyo.

Kuhusu tableti za shule, vishikwambi kama waviitavyo redioni, zile serikali ilianza kuzipeleka kwa madarasa ya chini tangu 2016 na nyingine shule zimejinunulia, sheria zangu ni chache. Mikono ioshwe, watoto wetu watoka mapumziko na mabuyu na achari ya embe kwa vidole na ule wekundu ukiingia kwa kitundu cha chaji kifaa chafa. Kifaa kishikwe kwa mikono miwili na mtu aketi chini. Na kubwa zaidi, kifaa kikitumiwa na watu wengi kila mtu atoke kwa akaunti yake kabla hajampa mwenzake. Tulikua na kesi ya kijana aliacha akaunti yake wazi, mwenzake akaandikia msichana wa darasa lingine maneno machafu kwa jina lake. Yule asie na makosa akaitwa mbele, akalia, na kuja kuujua ukweli ilichukua siku nne.

Hatua ya 6: Picha

Hapa nitakaa kidogo manake hapa nimekosa mimi mwenyewe.

Siku ya michezo mwaka mmoja nilipiga picha ya wasichana wanne wa mbio za kupokezana vijiti, wamekumbatiana wanacheka, jasho, yunifomu, nembo ya shule kifuani yasomeka. Nikaiweka kwa stetasi yangu na maneno ya kuwapongeza. Kesho yake asubuhi mama wa mmoja wao alikua ananingoja getini kabla ya kengele. Hakunigombeza. Akanambia mwalimu, sisi tulihama Malindi usiku, babake huyu mtoto hajui tuko wapi, na jana usiku amenipigia kwa namba mpya akanitajia jina la shule. Nilifuta papo hapo lakini picha ilikua imekaa masaa kumi na tano, na stetasi hata ikifutwa alieipiga skrinishoti anayo. Yule msichana aliondolewa shule kwetu kabla muhula kwisha. Alikua na mbio nzuri sana.

Nilikua na nia safi na haikumsaidia mtoto chochote. Kwa hivyo sasa tunafanya hivi. Mwanzo wa mwaka kila mzazi ajaza fomu, picha ya mwanao yaweza kutumika ndio ama la, na kama ndio ni wapi, ubao wa shule, grupu la darasa, ukurasa wa shule. Aliesema la hasukumwi na haulizwi sababu. Tukitaka kuonyesha kazi ya watoto twapiga mikono yao, migongo, michoro, ile miche waliyopanda. Sura na jina haviendi pamoja. Na hakuna mwalimu anaeweka mtoto wa mtu kwa stetasi yake binafsi, nikiwemo mimi.

Hii sio adabu tu, ni sheria. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yasema taarifa za mtoto, na picha ni taarifa, hazitumiwi bila idhini ya mzazi ama mlezi na iwe kwa maslahi ya mtoto. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliipiga shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 na nusu kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Hizo ni madawati mangapi?

Kwa watoto wenyewe sheria ni nyepesi kusema: humpigi mtu picha bila kumuuliza, hupigi chooni wala wakibadilisha nguo hata kwa mzaha, humpigi mwalimu video kisirisiri, na kukiwa na vita hurekodi, waita mtu mzima. Mtoto alieshika simu kurekodi wenzake wakipigana mikono yake yote miwili ilikua na kazi nyingine ya kufanya. Na kabla ya kufowadi chochote jiulize huyu alie kwenye picha akiwa hapa mbele yangu ningemtumia mwengine?

Wazazi wa magrupu ya darasa, tafadhali, hili lawahusu na nyinyi. Matokeo ya mtihani ya mtoto wa mwenzio hayawekwi kwa grupu. Risiti ya karo ya mtu haiwekwi. Mtoto aliejikojolea Gredi 1 hazungumzwi kwa grupu.

Hatua ya 7: Homuweki, na hizi akili unde

Siko katika wale wanaosema simu ni shetani. Mwezi Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona simu ndio ilikua darasa, nilituma maswali kwa WhatsApp na kuna nyumba watoto wanne waligawana simu moja ya baba akirudi bandarini saa mbili usiku, na walisoma. Kifaa kizuri kwa aliefundishwa kukitumia.

Lakini sasa kuna ChatGPT na wenzake, hizi programu za akili unde, waiuliza swali yakuandikia jibu. Mwaka uliopita nilitoa insha, safari ya soko la Kongowea, mtoto akaniletea soko lenye "maegesho mapana ya magari na vijia vilivyopambwa kwa maua". Nilimwita nkamuuliza maegesho ni nini, hajui. Nkamuuliza Kongowea umewahi kwenda, akasema kila Jumamosi na nyanya, huuza nazi. Nikamwambia basi niambie, akanihadithia hapohapo namna nyanyake apiga nazi kwa ukucha asikilize kama ina maji, na namna hufungiwa kwa neti kumi kumi. Nilimwambia nenda kaandike hivyo hivyo. Alipata alama nyingi kuliko alizowahi kupata kwangu.

Utaratibu ninaowapa ni huu. Penseli kwanza, dakika ishirini na swali, simu ikiwa chumba kingine. Umekwama, uliza, lakini uliza "nieleze" usiulize "nifanyie". Jibu ulilopewa linganisha na kitabu, manake hizi mashine zakosea na zikikosea zasema kwa sauti ileile ya kujiamini. Alafu chini ya kazi yako niandikie uliuliza nini. Mtoto alieniandikia hivyo simpunguzii alama hata moja.

Data ikiwa ni shida, vitu vya KICD, wale watungaji wa mtaala wa taifa, viko kwa tovuti yao ya Kenya Education Cloud na vingine waweza kupakua ukapata mahali pa Wi-Fi ukavisoma baadae bila intaneti, na maktaba ya taifa pale mjini ni mahali patulivu Jumamosi asubuhi. Wakubwa wao wanaopenda kompyuta zaidi ya kutazama video wapelekwe Swahilipot, kituo cha vijana cha teknolojia na sanaa karibu na Fort Jesus, wakaone vijana wenzao wanatengeneza vitu.

Hatua ya 8: Mambo yakiharibika

Mtoto akikujia akwambie kuna mtu ananitukana kwa grupu, ama kuna mtu simjui anataka picha zangu, ama nilituma picha na sasa anasema nitoe pesa ama ataisambaza, la kwanza ni uso wako. Usipige kelele. Usiseme "nilikwambia". Mwambie umefanya vizuri kunambia, alafu kaeni chini.

Msifute kitu. Pigeni skrinishoti ya maneno, jina la akaunti, namba, tarehe na saa, alafu ndio mblok na kuripoti kwa hio programu. Ikiwa ni picha ya mtoto ya uchi usiifowadi kwa mtu yeyote, wala kwa mwalimu, wala kwa shangazi, wala kwa grupu la ukoo kuomba ushauri, kusambaza picha kama hio ya mtoto ni kosa chini ya sheria ya uhalifu wa mitandao ya 2018 hata kama nia yako ni kusaidia. Ibaki kwa hio simu moja na simu ipelekwe kituoni kama ilivyo, uliza dawati la watoto na jinsia. Na pesa usitume. Anaedai elfu mbili leo akipewa atarudi kesho na elfu tano.

Ikiwa anaetesa ni mwanafunzi mwenzake njooni shule, mzazi na mtoto, na skrinishoti zenu, msianze kwa kumpigia mzazi mwenzio saa nne usiku. Sisi tutawaita wote wawili kila mmoja kivyake. Nimeona kesi nyingi zikimalizika kwa mtoto kuomba msamaha uso kwa uso na kufuta mwenyewe mbele yetu, na nimeona mbili tatu zilizokua kubwa kwa sababu mama wawili walianza kurushiana maneno kwa grupu.

Na mtoto ambae hawezi kumwambia mzazi, wapo, wakati mwingine anaemtesa ni mtu wa nyumbani, kuna 116 ya Childline, ni bure, yapigwa mchana na usiku na mtoto mwenyewe aweza kupiga. Darasani kwangu imeandikwa juu ya ubao kwa chaki ya manjano na hakuna anaeifuta. Kwa kabambe ya binti yangu nimeiandika kwa kipande cha plasta nikakibandika nyuma, chini ya namba yangu na ya babake, wino ukifutika kwa jasho naiandika tena.